Mapango ya Barafu: Moja Hutunza Baridi, Jingine Huchimbwa na Joto

Chini ya ardhi hakuna masika wala kiangazi. Ingia pango refu, pita pale mwanga wa mlangoni unapoishia, endelea mbele, na utafika mahali ambapo joto ni lile lile Januari hadi Desemba. Mwamba ni mzito na hupitisha joto polepole mno. Mchana na usiku, jua na mvua, vyote huishia njiani, na kinachofika ndani ni wastani wa mwaka mzima wa eneo lile. Huku kwetu Kigoma wastani huo ni nyuzi 20 na kitu za Selsiasi. Pango refu chini ya vilima vya Ujiji lingekuwa na joto hilo hilo, na asingetokea mtu wa kutafuta barafu humo.

Kanuni hiyo ndiyo inayoyafanya mapango ya barafu kuwa fumbo. Katika milima ya Apuseni, Romania, wastani wa joto la mwaka uko juu ya sifuri. Kwa hesabu hiyo, pango la huko halipaswi kuwa na barafu ya kudumu. Lakini pango la Scărișoara lina bonge kubwa la barafu, na matabaka yake ya chini yana umri wa zaidi ya miaka 10,000. Kiangazi, juu ya pango kuna msitu wa kijani na watu wamevaa mikono mifupi. Chini yao barafu haijatikisika.

Wanafunzi wa hapa mjini huniletea klipu kwenye simu: ukuta wa buluu unaong'aa, mtu mwenye kofia ngumu anatembea ndani, matone yanaanguka. "Mwalimu, hili ni la kweli au limetengenezwa kwa kompyuta?" Ni la kweli. Tatizo ni kwamba klipu inayofuata huonyesha kitu kingine kabisa, pango la mawe lenye nguzo za barafu sakafuni, na vyote viwili huelezwa kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kuna pango la mwamba ambalo barafu imeingia ikakaa ndani yake. Na kuna pango ambalo kuta na dari zenyewe ni barafu, kwa sababu limo ndani ya mto wa barafu, yaani yale malundo ya theluji ya miaka mingi iliyogandamana ikawa barafu nene inayotambaa polepole kushuka mlimani. La kwanza lipo kwa sababu baridi iliingia ikakosa njia ya kutoka. La pili lipo kwa sababu joto liliingia likaanza kula. Ukishika tofauti hiyo, mengine yote hufuata.

Baridi inayokosa njia

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Kwenye nyuzi sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.29 hivi. Kwenye nyuzi 20 hushuka hadi kilo 1.20. Ni tofauti ya gramu 90 tu, lakini inatosha kufanya kazi yote. Fikiria pango lenye mlango mmoja, na mlango huo uko juu, chumba kiko chini. Majira ya baridi yakifika, hewa ya nje inakuwa nzito kuliko ya ndani, basi inamwagika pangoni na kuisukuma ile yenye joto ipande itoke. Kila usiku wa baridi kali huongeza kipimo, mpaka mwamba wenyewe unapoa chini ya sifuri. Kiangazi kikirudi, hewa ya nje imekuwa nyepesi. Inapita juu ya mdomo wa pango na haina uzito wa kushuka. Baridi imenaswa.

Sisi wa Kigoma kanuni hiyo iko mbele ya macho yetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya chini ni baridi kuliko ya juu kwa nyuzi chache tu. Uchache huo unatosha kuyafanya maji mazito yabaki chini na mepesi yabaki juu, bila kuchanganyika, hata kule kilindini hakuna oksijeni na samaki hawaishi. Kusi huvuma miezi mizima na huyayumbisha matabaka hayo, lakini haiwezi kuyakoroga yote. Hewa ya pangoni nayo hutulia hivyo hivyo.

Scărișoara ni mfano ulio wazi kabisa. Mlango wake ni shimo la wima la mita 48 hivi, na unashuka kwa ngazi za chuma zilizofungwa kwenye ukuta wa mwamba. Juu umeacha joto la msituni. Katikati ya ngazi pumzi inaanza kuonekana. Chini kabisa unakanyaga theluji ambayo imekaa tangu majira ya baridi, na mbele yake ndiyo sakafu ya barafu yenyewe. Mromania Emil Racoviță, aliyeanzisha taasisi ya elimu ya mapango katika mji wa Cluj mwaka 1920, alilichunguza pango hilo kisayansi, na hadi leo watafiti huchoma barafu yake kwa keekee na kutoa vijiti virefu vyenye matabaka. Ndani ya matabaka hayo mna chavua ya miti iliyokuwa ikikua juu ya mlima na alama za kikemia zinazoonyesha baridi ya zamani ilikuwa kali kiasi gani.

Baridi peke yake haitoshi, lazima maji yawepo. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Hudhani barafu ya pangoni hunenepa katikati ya majira ya baridi, wakati ambapo juu ya mlima kila kitu kimeganda na hakuna tone linalopenya. Kinachotokea ni kinyume. Theluji ya juu inapoanza kuyeyuka, maji hupita kwenye nyufa na kudondokea ndani ya pango ambalo mwamba wake bado umeganda, nayo hugandia hapo hapo. Kwa hiyo barafu hukua wakati nje kunaanza kupata joto.

Na kwa nini kiangazi kizima hakiimalizi? Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri, bila kuipandisha hata nyuzi moja, kunahitaji joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Barafu hula joto jingi kabla ya kukubali kuwa maji. Wachuuzi wa migebuka pale Kibirizi wanalijua jambo hili kwa mikono yao: kinachomaliza barafu haraka ni boksi linalofunguliwa kila mara, kwa sababu hewa mpya inaleta joto jipya. Pangoni hewa imesimama, na joto linalopenya kwenye mwamba ni dogo. Mwaka mmoja huyeyusha kidogo, mwaka unaofuata hurudisha.

Pango linalopumua

Kuna namna nyingine ya kunasa baridi, na mimi naiona ya ajabu zaidi, kwa sababu inahitaji matundu mawili, moja chini na jingine juu. Mfano mkubwa ni Eisriesenwelt, karibu na Werfen nchini Austria. Pango hilo lina urefu wa kilomita 42, na barafu imo kwenye kilomita ya kwanza tu.

Majira ya baridi, hewa iliyo ndani ya mlima ina joto kuliko ya nje, hivyo inapanda na kutokea kwenye nyufa za juu. Inapopanda huvuta hewa ya nje kupitia mlango wa chini. Hewa hiyo ina ubaridi wa kugandisha, na inapiga kilomita ile ya kwanza kabla haijapata joto la mwamba. Ndiyo maana barafu imeishia hapo. Kiangazi mzunguko hugeuka: hewa ya ndani sasa ni baridi kuliko ya nje, inashuka na kutokea chini, kwa nguvu ya kuzima taa mlangoni. Hewa ya joto inayoingia juu kuchukua nafasi yake inapoa katika safari ndefu ndani ya mlima kabla haijaifikia barafu. Mlima unavuta pumzi upande mmoja, unaitoa upande wa pili, na kubadili zamu kila nusu mwaka.

Wenyeji wa Werfen waliliogopa pango hilo kwa kuamini ni mlango wa jehanamu. Mwaka 1879 Anton von Posselt-Czorich aliingia kiasi cha mita 200, akaandika alichokiona, na habari zake zikasahauliwa. Miaka zaidi ya 30 ilipita. Kijana wa Salzburg, Alexander von Mörk, akayapata maandishi hayo, akaenda na wenzake, wakapanda kuta za barafu ambazo Posselt hakuzivuka, wakagundua kwamba nyuma yake mlima una matumbo yasiyokwisha. Mörk aliuawa mwaka 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Majivu yake yalirudishwa pangoni, na chombo chake kiko humo hadi leo katika ukumbi uliopewa jina lake. Mimi huona uamuzi huo wa wenzake ulikuwa wa haki, maana bila yeye lingebaki tundu la kutisha watoto.

Uchunguzi wa mapango haya siku zote umekuwa kazi ya watu wachache wenye kamba na taa dhaifu. Huko Dobšiná, Slovakia, mhandisi wa migodi Eugen Ruffinyi aliteremshwa kwa kamba mwaka 1870 kwenye shimo ambalo wachungaji walilijua kwa mdomo wake tu. Aliikuta barafu ambayo mahali pengine ina unene wa zaidi ya mita 26. Kufikia mwaka 1887 pango hilo lilikuwa na taa za umeme, mapema kuliko miji mingi mikubwa. Mfaransa Norbert Casteret naye, mwaka 1926, aliingia pango la barafu katika milima ya Pirenei upande wa Hispania akiwa na mke wake Élisabeth na mama yake mzazi. Mwaka 1950 alirudi na binti zake, wakapita mahali ambapo yeye hakuwa amepita. Pango hilo linaitwa kwa jina lake. Barafu waliyoikuta imepungua sana tangu wakati huo.

Joto linalochimba

Sasa tuhamie kwenye zile kuta za buluu. Picha nyingi zinazosambaa zinatoka Iceland, hasa kwenye mto wa barafu wa Breiðamerkurjökull, ambao ni tawi la kofia kubwa ya barafu iitwayo Vatnajökull.

Kiangazi jua huyeyusha uso wa barafu na vijito hutiririka juu yake mpaka vikute ufa. Maji yanapanua ufa huo ukawa shimo la wima, yanaporomoka hadi chini kwenye mwamba, kisha yanatafuta njia ya kutokea bondeni. Maji hayo yana joto kidogo sana juu ya sifuri, lakini si hilo tu linalochimba. Maji yanayoporomoka na kusuguana na kuta huzalisha joto, na joto hilo hula barafu pande zote. Ndani ya miezi michache kuna handaki. Majira ya baridi yakianza, vijito hukauka, handaki linabaki tupu, na watu wanaweza kuingia.

Handaki hilo halidumu. Barafu tunaiona ngumu, lakini ikiwa nene na ikibeba uzito wake yenyewe, hutambaa. Mwanafizikia wa Uingereza John Glen alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mgandamizo ukiongezeka mara mbili, barafu hutambaa kwa kasi ya karibu mara nane. Kwa hiyo handaki lililo chini sana ya barafu nene hubanwa na kuta zake kila saa, na huishi tu pale maji yanapolichimba kwa kasi ile ile. Mswisi Hans Röthlisberger aliandika hesabu ya mvutano huo mwaka 1972. Maji yakiondoka, anayebaki ni mbanaji peke yake. Ndiyo sababu waongozaji wa Iceland hutafuta mapango upya karibu kila mwaka, na ramani ya mwaka jana haina kazi.

Rangi ya buluu haitokani na anga. Barafu yenyewe hunyonya sehemu nyekundu ya mwanga na kuachia ya buluu, ila katika barafu changa viputo vya hewa hutawanya mwanga kabla haujasafiri mbali, basi tunaona nyeupe. Barafu iliyokaa chini ya mzigo kwa mamia ya miaka imekamuliwa viputo vyake, mwanga unapita mita kadhaa ndani yake, na nyekundu yote inaishia humo.

Kwa kuwa pango la namna hii limechimbwa na joto, kuingia wakati wa joto ni kuingia wakati uchimbaji unaendelea. Tarehe 25 Agosti 2024, katikati ya majira yao ya joto, sehemu ya barafu iliporomoka kwenye Breiðamerkurjökull juu ya kundi la watalii. Mtu mmoja alikufa na mwingine akajeruhiwa. Wanaojua kazi hii huingia miezi ya baridi tu, hukagua dari kila siku, huvaa kofia ngumu na vyuma vyenye meno chini ya buti, na hugeuka wakisikia maji yanatiririka mahali ambapo jana palikuwa kimya. Mtu akikuonyesha klipu ya watu wamesimama chini ya dari inayodondosha maji mchana wa Julai, usiihesabu kuwa ushujaa.

Joto linaweza pia kutoka chini. Juu ya volkano zenye barafu, mvuke wa ardhini huchimba mapango kutoka sakafuni. Kwenye Mlima Erebus huko Antaktika, wenye mita 3,794, nje kunaweza kuwa nyuzi 30 chini ya sifuri huku ndani ya pango kukiwa karibu na sifuri. Mvuke unaotoka kwenye matundu hugandia juu ya uso na kujenga minara ya barafu yenye uwazi katikati. Mapango hayo yana hatari yake, kwa sababu gesi nzito za volkano hujikusanya sakafuni na mtu hazioni.

Lakini mapango hayo yamewahi kuokoa watu. Agosti 1870, Hazard Stevens na Philemon Van Trump walipanda Mlima Rainier nchini Marekani, wenye mita 4,392. Walifika kileleni jioni, wakiwa wamechoka, bila blanketi, upepo unakata. Kushuka gizani kulikuwa kifo, na kulala nje pia. Wakasikia harufu ya salfa, wakaifuata, wakakuta pango lililochimbwa na mvuke kwenye barafu ya kreta. Walilala humo, upande mmoja wa mwili ukiunguzwa na mvuke na wa pili ukiganda, na asubuhi walishuka wazima.

Mlima huo huo una funzo jingine. Kwenye mteremko wake wa kusini kulikuwa na mapango ya Paradise, ambayo mwaka 1978 yalikuwa marefu kuliko mapango yote ya mito ya barafu yaliyokuwa yamepimwa, zaidi ya kilomita 13. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 yalikuwa yametoweka. Yalipokuwa marefu kiasi hicho, barafu yake ilikuwa tayari imedhoofika, kwa sababu barafu nyembamba hubana kidogo na joto hupanua bila kuzuiwa. Pango kubwa la aina hii mara nyingi ni dalili ya mto wa barafu ulio karibu na mwisho wake.

Kibo

Mwaka 1912, mwaka ambao reli ya kati ilifika Tabora, barafu ya Kilimanjaro ilienea kwenye kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka huo huo Walter Furtwängler alifika kileleni, na kipande kimoja cha barafu kikapewa jina lake. Kufikia mwaka 2011 barafu yote ya Kibo ilikuwa chini ya kilomita za mraba 2.

Barafu ya Kibo haifi kama ya Iceland. Hewa ya mita 5,895 ni kavu na jua lake ni kali, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke bila kuwa maji kwanza. Hakuna vijito vikubwa vya kuchimba mahandaki. Hata hivyo matundu yapo. Mwanzoni mwa mwaka 2006 watafiti waliofika kwenye barafu ya Furtwängler walikuta shimo kubwa karibu na katikati, limepenya unene wote uliobaki, mita 6, hadi kwenye mwamba. Upande wa kaskazini wa Kibo kulikuwa na tundu lililojulikana tangu miaka ya 1970. Lilizidi kupanuka hadi mwaka 2012 barafu ya huko ikawa imekatika vipande viwili, na watafiti walipita katikati yake kwa miguu, wakikanyaga ardhi tupu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini matundu hayo hayakujiziba kama mahandaki ya Iceland yanavyobanwa. Jibu limo kwenye kanuni ya Glen. Uzito wa barafu ndio unaoisukuma itambae, na kila mgandamizo ukipungua kwa nusu, mwendo hupungua karibu mara nane. Barafu ya mita 6 haina uzito wa kusogea. Tundu likitokea hapo linabaki wazi, kingo zake zinapigwa na jua kutoka pande zote, na mwamba mweusi uliofunuliwa katikati unashika joto na kuzila kingo hizo kutoka chini.